"Bomba Litafuata": Uhakiki wa Fikra Moja katika Upanuzi wa Dar es Salaam

Iko fikra iliyokaa muda mrefu katika ofisi zetu za mipango, na ambayo tumeisikia hata vinywani mwa makada wenye elimu nzuri ya siasa: kwamba watu wajenge kwanza, wakishakuwa wengi bomba la maji litafuata, na la majitaka baadaye sana, fedha zikipatikana. Fikra hii husemwa kana kwamba ni suala la ufundi tu. Sisi tunaona ni msimamo wa kisiasa, kwa sababu ndiyo inayoamua nani alipe na nani afaidike mji unapopanuka. Kwa hiyo inastahili kuhakikiwa kama msimamo mwingine wowote wa kisiasa.

Asili yake haifichiki. Mpango wa jiji wa mwaka 1949, uliotayarishwa na wahandisi wa Kiingereza, uligawa makazi kwa kipimo cha wingi wa nyumba katika eneo, lakini kila mtu alijua kuwa maana yake ni Uzunguni, Uhindini na Uswahilini. Mabomba nayo yalijua. Mipango ya 1968 na 1979, iliyotayarishwa na makampuni ya Toronto, Kanada, iliachana na ubaguzi huo, na tunaipa sifa yake. Ila ilibaki na kasoro nyingine: ilikuwa ramani bila mfuko. Mchoro ulionyesha mji utapanukia wapi; fedha za mabomba zilikaa katika wizara nyingine, au kwa mfadhili wa nje. Na mfadhili hupenda chanzo cha maji kuliko bomba la mtaani. Mtambo wa Ruvu Chini ulikamilika mwaka 1976 kwa msaada wa Kanada, na baadaye ukapanuliwa kwa fedha za Marekani kutoka lita milioni 180 hadi milioni 270 kwa siku. Hatubezi kazi hiyo. Lakini maji yakiwa mengi Ruvu huku mtaa hauna bomba, mwananchi anabaki na dumu lake.

Wapo wanaojibu kwa kututajia Sinza, na hoja yao ina uzito. Katika mradi wa viwanja na huduma ulioanza mwaka 1974 kwa mkopo wa Benki ya Dunia, maeneo ya Sinza, Kijitonyama na Mikocheni yalipimwa na kuwekewa barabara na mabomba makuu ya maji kabla ya watu kujenga. Manzese ilikuwa na nyumba tayari, hivyo huduma zikapenyezwa katikati yake. Utafiti wa wachumi uliochapishwa mwaka 2021, uliofuatilia mradi huo katika miji 7 ya Tanzania, ulionyesha kuwa baada ya miongo kadhaa maeneo yaliyopangwa upya yalikuwa na nyumba bora na huduma bora zaidi, lakini yale yaliyoboreshwa baada ya kujengwa hayakuonekana kuyapita maeneo jirani ambayo hayakuguswa na mradi. Huo ni ushahidi mzito dhidi ya fikra ya "bomba litafuata."

Hata hivyo, anayeishia hapo amesoma nusu ya somo. Viwanja vile vilikusudiwa watu wa kipato cha chini. Kadiri miaka ilivyopita, vingi viliangukia mikononi mwa wenye uwezo, na marejesho ya mikopo yakawa hafifu. Yaani bomba la umma lilipandisha thamani ya kiwanja, thamani ikaingia mfukoni mwa mtu binafsi, na umma ukabaki na deni. Hapa ndipo penye mgongano wenyewe. Mwalimu Nyerere, katika andiko lake la mwaka 1958 kuhusu mali ya taifa, alieleza kuwa mtu ana haki ya jasho alilolitia katika ardhi, si ya ardhi yenyewe. Umilikaji wa ardhi wa kudumu wa mtu binafsi ulifutwa baada ya uhuru. Je, thamani inayotokana na bomba la maji ni jasho la nani?

Mradi wa Viwanja 20,000, ulioanza mwaka 2002, ulilikaribia swali hili kuliko mwingine wowote, kisha ukalikwepa. Serikali ilikopesha fedha za kuanzia, viwanja vikapimwa pembezoni mwa jiji, vikauzwa, na mapato yakarejesha mkopo. Kumbe ardhi inaweza kugharimia upimaji wake yenyewe! Lakini bei ile haikubeba gharama ya mabomba. Wanunuzi walikabidhiwa viwanja katika maeneo ambayo maji hayajafika. Wenye haraka wakachimba visima, wenye subira wakaacha vichaka huku bei ikipanda. Tunasema wazi kuwa huko ni kulipia ulanguzi kwa fedha ya umma.

Kodi ya majengo, ambayo ingeweza kuirudisha thamani hiyo kidogo kidogo, imepelekwa upande mwingine. Kuanzia mwaka 2021 ilikusanywa kupitia ununuzi wa umeme, kwa shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida. Urahisi wa kukusanya tunaukubali. Lakini kiwango hicho hakikutofautisha nyumba yenye bomba na isiyo nalo, na mara nyingi aliyenunua umeme alikuwa mpangaji, si mwenye nyumba.

Jibu la mwisho huwa ni kwamba fedha hazipo. Zipo, na wananchi wanazilipa kila siku: kwa mwenye mkokoteni wa madumu, kwa mwenye boza, kwa mwenye gari la kunyonya majitaka, na pale gari lisipopita, kwa vijana wanaoitwa vyura, wanaoingia shimoni kwa mikono yao. Ndoo kwa ndoo, asiye na bomba hulipa zaidi kuliko mwenye bomba. Kinachokosekana ni chombo cha kuyageuza malipo haya kuwa mkopo wa muda mrefu wa mtaa mzima. Mkataba wa kampuni ya City Water wa mwaka 2003, uliovunjwa mwaka 2005, ulitafuta jibu kwa kubadili mwendeshaji. Swali la mtaa usio na bomba likabaki palepale.

Kwa majitaka fikra hii ni mbaya zaidi. Mtu mwenye fedha anaweza kuvuta maji peke yake kwa mpira mrefu. Majitaka hufuata mteremko, huhitaji njia isiyojengwa na eneo la mabwawa kule chini, na jirani mmoja akijenga ukuta juu ya njia hiyo mtaa wote unakwama. Mbezi Beach ilijaa nyumba za kifahari kwa miongo kadhaa kabla ujenzi wa mtandao wake wa majitaka haujaanza, miaka ya 2020, kwa mkopo wa Benki ya Dunia. Waliojenga kifahari waliweza kusubiri kwa mashimo yao makubwa. Bondeni, mvua ya masika inaponyesha, kazi ni kutapisha vyoo usiku, na asubuhi watoto huvuka maji hayohayo kwenda shule. Kada anayepelekewa ramani ya upimaji wa eneo jipya aulize kwanza njia ya majitaka imetengwa wapi, na ni sehemu gani ya bei ya kila kiwanja itakayolilipia.