Kumaliza Deni la Simu Mapema, na Jinsi Kufuli Linavyotoka

Msimu wa kahawa ukifika milimani Rwenzori, pesa zilizokuwa zikipatikana kidogo kidogo huingia kwa mkupuo, na mtu mwenye simu ya mkopo huanza kujiuliza kama amalize deni lote sasa. Simu aliichukua kwa kianzio, kisha analipa kila siku kwa mobile money. Siku asipolipa, skrini inajifunga na hakibaki kitu ila maelezo ya kulipia na namba za dharura. Anadhani akilipa yote leo, simu itakuwa yake leo. Kumbe deni kufutika ni jambo moja na kufuli kutoka ni jingine, na kila moja lina mtambo wake. Anayeelewa hivyo kabla ya kutuma pesa hujiokolea usumbufu na, mara nyingine, hela nyingi.

Biashara hii Afrika Mashariki ilianza na umeme wa jua. M-KOPA, iliyoanzishwa Nairobi mwaka 2011, iliuza mitambo ya sola inayozimika malipo yakikatika, na baadaye ikaingia Uganda. Julai 2020 Safaricom na Google walileta Kenya mpango wa Lipa Mdogo Mdogo: simu janja kwa shilingi 20 za Kenya kwa siku baada ya kianzio. Hesabu ni ileile mjini Kasese, Uganda: muuzaji hana haja ya hati ya shamba wala mdhamini, kwa sababu dhamana ni simu yenyewe, naye anaweza kuizima akiwa mbali.

Anaizimaje? Hapa ndipo mafundi wengi wa mtaani hukwama. Kufuli halikai katika programu ya kawaida inayofutika kwa kuflashi. Katika simu za Samsung kuna Knox Guard: namba ya utambulisho ya simu, IMEI, huandikishwa kwenye seva za kampuni, na simu ikiwashwa upya baada ya kufutwa kila kitu, ikipata intaneti tu inauliza seva hizo, “Mimi ni wa nani?” Jibu likiwa kwamba bado ina deni, inajifunga tena. Google nayo ina kidhibiti chake ndani ya Android kinachofanya kazi kwa mtindo unaofanana na huo. Kwa hiyo simu iliyoflashiwa gulioni huenda ikatumika wiki moja, halafu ikafa mikononi mwa aliyeinunua.

Malipo ya kila siku huleta amri ndogo: fungua hadi kesho. Malipo ya mwisho yanahitaji amri nyingine kabisa: mfumo wa deni uone salio ni sifuri, uiarifu seva ya kufuli iiondoe IMEI katika orodha, kisha simu yenyewe iingie mtandaoni ipokee habari hiyo. Hatua ya kwanza kwa kawaida ni ya dakika chache. Ya pili hutegemea kampuni, na kwingine kuna mtu anayepaswa kubonyeza kitufe kwanza. Ya tatu inakutegemea wewe.

Lakini kabla ya hatua zote hizo kuna bei, na hapa nasisitiza kuliko popote. Tuchukue mfano wa kukadiria. Simu ya taslimu shilingi 500,000 za Uganda inatolewa kwa kianzio cha 100,000 na shilingi 2,000 kwa siku kwa siku 365. Jumla ni 830,000. Umekopa 400,000, unarudisha 730,000. Siku ya 200 unataka kumaliza. Ukizidisha siku 165 zilizobaki kwa 2,000 unapata 330,000, na hiyo ndiyo namba ambayo skrini au ajenti anaweza kukutajia. Ukiilipa yote, umelipia miezi mitano na ushei ya riba kwa pesa ambazo tayari umezirudisha.

Fanya hesabu ya mkopo kama benki inavyoifanya. Malipo hayo yana riba ya takribani asilimia 0.37 kwa siku, yaani zaidi ya asilimia 11 kwa mwezi. Kwa kiwango hicho, deni halisi siku ya 200 ni kama 247,000. Tofauti ni shilingi 83,000, pesa ya kumtosha mtu kuanza kuuza nyanya. Kwa hiyo swali la kwanza kwa kampuni ni: “Nikimaliza leo nalipa ngapi?” Lijibiwe kwa ujumbe wa simu wenye tarehe, si kwa mdomo. Wakikwambia hakuna punguzo, ushauri wangu ni huu: kama pesa hiyo inaweza kuzunguka katika biashara yako, iache izunguke, uendelee kulipa kila siku. Malipo ya mapema yasiyo na punguzo yanakupa uhuru wa kuiuza simu na kutosumbuliwa na skrini, basi. Kwa wengine uhuru huo una thamani, ila wajue wanaununua kwa bei gani.

Ukiamua kulipa, lipa moja kwa moja kutoka kwenye akaunti yako ya mobile money. Ukitoa taslimu ili umkabidhi mtu dukani, unakatwa ada ya kutoa na kodi ya serikali ya asilimia 0.5, na jina lako halionekani kwenye malipo. Hakikisha namba ya akaunti ya mkopo tarakimu kwa tarakimu, kisha hifadhi ujumbe wa uthibitisho katika simu nyingine au uupige picha.

Baada ya kulipa inabaki ile hatua ya tatu, ya simu kuingia mtandaoni, na hapo Bwera, upande wa Uganda, ina shida yake ya pekee. Mji uko karibu kabisa na mpaka wa Mpondwe, ng’ambo ya mto Lubiriha ni Kasindi, na minara ya Kongo haijui mpaka. Simu ikishika mtandao wa upande wa pili huku data ya nje ya nchi imezimwa, haina intaneti, na amri ya kufunguliwa haiifikii hata kama deni limeisha tangu asubuhi. Dalili ni rahisi kuiona: saa ya simu inayojirekebisha yenyewe hurudi nyuma saa moja ghafla, kwa kuwa mashariki ya Kongo iko nyuma ya Uganda kwa saa moja. Ingia kwenye mipangilio, chagua mtandao wa Uganda kwa mkono, weka bando, zima na kuwasha simu, kisha uiache mtandaoni. Ikigoma, tumia Wi-Fi.

Ujumbe wa “hongera, umemaliza” hautoshi. Fungua mipangilio ya usalama uangalie programu zenye mamlaka ya msimamizi: jina la kampuni lisiwepo, wala maandishi kwamba kifaa kinasimamiwa. Kipimo cha uhakika ni kuifuta simu yote na kuianzisha upya ikiwa mtandaoni. Kabla ya hapo hifadhi picha na mazungumzo ya WhatsApp, na hakikisha unakumbuka akaunti ya Google na nywila yake. Usipoikumbuka, unaweza kukumbana na kufuli jingine, la Google, ambalo kampuni ya mkopo haina uwezo wa kulitoa. Simu ikipita hatua za mwanzo bila kutaja muuzaji wala deni, IMEI imetoka kwenye orodha.

Na anayenunua simu iliyotumika katika soko la Mpondwe adai jaribio hilohilo mbele ya macho yake kabla ya kutoa pesa. Abonyeze *#06#, alinganishe IMEI na iliyo katika ujumbe wa kumaliza deni, kisha simu ifutwe na kuwashwa ikiwa na intaneti. Mto Lubiriha haukati mawasiliano kati ya simu na seva: iliyofungwa Uganda itajifunga Beni, huko Kongo, vilevile.