Kalenga, Hazina ya Watunzi wa Hadithi

Nani kasema makumbusho lazima yawe jumba kubwa? Ya Kalenga, nje kidogo ya mji wa Iringa, ni madogo, lakini yamebeba kisa ambacho mtunzi wa riwaya za vijana angeogopa kukibuni.

Agosti 17, 1891, huko Lugalo, wapiganaji wa Mkwawa, mtawala wa Wahehe, walikiteketeza kikosi cha Wajerumani na kumuua kamanda wake, Emil von Zelewski. Mwaka 1894 ngome ya Kalenga ikaangushwa kwa mizinga. Mkwawa akaendeleza vita vya porini hadi Julai 1898, alipojiua ili asikamatwe. Wajerumani wakamkata kichwa. Mkataba wa Versailles wa 1919 uliipa Ujerumani miezi 6 kulikabidhi fuvu lake kwa Uingereza. Likafika Kalenga 1954!

Ndilo lenyewe lakini? Hapo ndipo penye utamu. Gavana wa Tanganyika, Edward Twining, alilichagua kwenye makumbusho ya Bremen, kati ya mafuvu yapatayo 2000, kwa kulinganisha vipimo vyake na vya vichwa vya jamaa za Mkwawa. Wenye shaka hawajaisha.

Mwandishi M. M. Mulokozi aliuona utajiri huu mapema, akaandika tamthilia ya *Mukwava wa Uhehe*, iliyotoka 1979. Kalenga wanastahili pongezi kwa kutunza chimbuko lenyewe, fuvu na silaha, ili kijana ajionee na kuuliza.

Walimu wa Mbeya, mkiwapeleka wanafunzi Dar es Salaam mnapita Iringa. Kateni kona, mwingie Kalenga.