Neno "Mafuta" na Ngozi ya Kijana: Uhakiki wa Istilahi

Maelezo ya utunzaji wa ngozi yanayowafikia vijana wetu, yawe yamebandikwa juu ya chupa au yameandikwa katika vijarida vya afya, yana neno moja linalobebeshwa mzigo wa maneno matatu. Neno hilo ni mafuta. Kijana huambiwa kwamba chunusi hutokana na mafuta, kwamba mwenye ngozi ya mafuta aepuke mafuta, na papo hapo kwamba ngozi kavu ipakwe mafuta. Sarufi haina dosari. Dosari ni ya istilahi, na madhara yake huonekana mwilini.

Tumchukue kijana wa Kaoze, mkoani Rukwa, anayesoma Sumbawanga mjini. Mji huo umo katika uwanda wa juu wa Ufipa, takriban meta 1,800 juu ya usawa wa bahari, na mwezi wa Juni na Julai hewa yake ni ya baridi na kavu. Ana chunusi, amesoma kwamba aepuke mafuta, naye anatii: hapaki kitu, na karanga pia ameziacha. Haukupita muda midomo imepasuka, mashavu yamepauka, na chunusi zingali palepale.

Mafuta yanayohusika na chunusi ni yale yatolewayo na tezi za ngozi, ambazo homoni za balehe huzichochea. Yakichanganyika na seli zilizokufa huziba vitundu vya vinyweleo. Bakteria huzaana humo, na uvimbe ukatokea. Haya si mafuta ya kupaka, wala si ya kupikia. Mintarafu ya hayo, napendekeza yaitwe daima mafuta ya tezi. Wako watakaopendelea nongo, kwa kuwa ni neno letu la asili. Siafiki. Nongo ni uchafu utokao mtu anapojisugua, na kijana atakayeambiwa kwamba chunusi ni nongo atajisugua kwa dodoki mpaka ngozi ichubuke, ilhali chunusi si dalili ya uchafu. Kunawa taratibu kwa sabuni isiyo kali, mara mbili kwa siku, kunatosha. (Neno chunusi lenyewe lina mkosi wake: pwani ni jina pia la jini la majini linalosemekana kuzamisha waogaji. Hata hivyo limekwisha kuzoeleka, na muktadha hulitenga.)

Kwa kile kipakwacho, kilainishi hakifai, maana mafundi wa mitambo wamekwisha kulitwaa. Kinyevushi kinapendeza sikioni, lakini mafuta ya mgando, kwa mfano, hayaongezi maji katika ngozi, huyazuia yasipotee. Kitunzaunyevu ni neno refu, nakiri, ila limeundwa kama kiuavijasumu, ambalo lilipokelewa. Hapo ndipo tutaweza kumwandikia kijana sentensi isiyojipinga: mwenye mafuta mengi ya tezi apake kitunzaunyevu chepesi kisichoziba vitundu vya ngozi.

Neno la hatari zaidi, kwa maoni yangu, ni kung'arisha. Kijana hutaka uso usio na makovu, na lebo humwahidi mng'ao. Ndani ya baadhi ya vikopo hivyo mna zebaki au haidrokwinoni, ambazo zimepigwa marufuku katika vipodozi nchini, ama steroidi, ambazo zenyewe zaweza kuleta chunusi. Watu wa mtaani wana neno la kweli: kuchubua. Tangu mwaka 2019 usimamizi wa vipodozi umo mikononi mwa Shirika la Viwango Tanzania, na viwango vya lebo vingefaa kutenganisha vitenzi hivi viwili. Hapana sababu ya wanaistilahi kumtungia mfanyabiashara tafsida.

Juu ya krimu ya kukinga jua sina la kusahihisha. Watu wenye ualbino na wahudumu wao wameieneza istilahi hiyo, na hata anayeisikia mara ya kwanza huelewa ni ya nini. Iachwe kama ilivyo.