"Kuzidi" na "Kuzidisha": Kasoro ya Lugha katika Mafumbo ya Hesabu

Tangu Baraza la Kiswahili la Taifa liundwe mwaka 1967, juhudi nyingi zimeelekezwa kwenye istilahi. Mlinganyo, kipeo na kipeuo ni maneno yaliyokwisha kukubalika, na makala haya hayakusudii kuyapinga. Kasoro tunayotaka kuieleza imo katika maneno ya kawaida yanayoandamana na istilahi hizo.

Tuchukue fumbo linaloafiki mazingira ya Wilaya za Ngara na Biharamulo: "Mfanyabiashara alinunua mikungu 2 ya ndizi na debe 1 la maharage kwa shilingi 60,000. Bei ya debe inazidi bei ya mkungu mara 3. Tafuta bei ya mkungu na bei ya debe."

Mlinganyo wa kwanza hauna utata. Utata umo katika ule wa pili. Mwanafunzi mmoja ataelewa kuwa debe ni sawa na mikungu 3. Atapata mkungu shilingi 12,000 na debe 36,000. Mwenzake ataelewa kuwa ile ziada ndiyo mara 3, yaani debe ni sawa na mikungu 4. Atapata 10,000 na 40,000. Kila mmoja akihakiki jibu lake atafikia 60,000 kamili. Hesabu haiwezi kumsahihisha ye yote kati yao, kwa kuwa kosa si la hesabu. Hata hivyo msahihishaji ana jibu moja tu, na mmoja wao atanyimwa alama.

Yawezekana kudai kwamba mazoea ya lugha yatamwongoza mtoto. Lakini watoto wengi wa wilaya hizi huzungumza Kihangaza, Kisubi au lugha nyingine nyumbani; maana ya fumbo huitegemea sentensi ya kitabu. Tena "kuzidi" huonyesha tofauti, hali "kuzidisha" ni tendo jingine kabisa. Anayeona "inazidi" hukimbilia kuzidisha, kama anayesoma "alitoa fedha" anavyokimbilia kutoa. Milinganyo sanjari hufundishwa sekondari kwa Kiingereza, lakini mazoea haya mwanafunzi huyabeba kutoka shule ya msingi.

Kwa hiyo twapendekeza mambo matatu. Kwanza, tofauti ielezwe kwa "inazidi kwa shilingi" kadha. Pili, uwiano uelezwe kwa "ni mara 3 ya". Tatu, "inazidi mara" na "mara 3 zaidi ya" yaachwe kabisa vitabuni na katika mitihani. Aidha, kabla ya kuchapa, mtafsiri ampe mwenzake fumbo aandike milinganyo yake. Ikitofautiana na ya mtafsiri, sentensi irekebishwe.

Wahenga walisema, fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huligangua. Katika fumbo letu werevu wawili wameligangua, na mmoja ameadhibiwa. Fumbo la hesabu hufumba idadi. Halipasi kufumba maana.