Sifa za Kivuli cha Nyongo

Mawe mengi ya nyongo hayaonekani kwenye eksirei ya kawaida. Hayana kalisi ya kutosha, hivyo mionzi huyapita kama inavyoipita nyama iliyoyazunguka. Karibu miaka 30 baada ya Röntgen kugundua mionzi hiyo mwaka 1895, daktari aliyeshuku nyongo bado alitegemea simulizi la maumivu, mkono wake juu ya tumbo la mgonjwa, na mwishowe kisu.

Evarts Graham na msaidizi wake kijana Warren Cole, madaktari wa upasuaji wa St. Louis, Marekani, hawakutafuta mionzi mikali zaidi. Walilituma ini. Ilikwisha kujulikana kwamba kemikali za jamii ya fenolifthaleini zikidungwa mshipani hutolewa na ini pamoja na nyongo, na kwamba mfuko wa nyongo hufyonza maji na kuikoleza nyongo uliyoihifadhi. Wakaipachika kemikali ya jamii hiyo bromini, inayozuia mionzi, wakauachia mwili wenyewe uipeleke panapotakiwa.

Cole alidunga wanyama wengi mwaka 1923 asione kitu, hadi mbwa mmoja alipotoa kivuli. Kumbe mtunzaji hakumlisha asubuhi ile! Chakula huufanya mfuko ujikamue. Mwenye njaa hubaki nao umejaa. Mwaka 1924 mbinu ilifaulu kwa binadamu. Baadaye iodini ilichukua nafasi ya bromini, na vidonge vikachukua nafasi ya sindano: unameza jioni, asubuhi unapigwa picha.

Hapo ndipo ninapowavulia kofia. Mpishi hajui chungu kimetoboka mpaka akitie maji. Nao waliupima mfuko kwa kuupa kazi. Mfuko mzima hung'aa, na mawe yaliyomo huacha mapengo meusi. Mgonjwa akila kitu cha mafuta, mfuko husinyaa. Na usipoonekana kabisa, ilhali dawa imefyonzwa na ini halina kasoro, kutoonekana huko ndiko jibu: njia imeziba, au ukuta umeugua hata hauwezi kukoleza. Msomaji wa filamu alipaswa kuamini alichokikosa, jambo gumu kuliko kusoma alichokiona.

Ultrasaundi, isiyo na mionzi wala vidonge, imeiondoa mbinu hii katika karibu kila hospitali, na ni haki yake. Lakini ukiandikiwa ultrasaundi ya nyongo leo, bado utaambiwa uende bila kula.