Mtu wa Vyuma

Saa kumi na moja alfajiri, taa za gimu ya chuo kimoja Marekani zimeshawaka. Kocha wa nguvu anapanga vyuma, anafuta mabenchi, kisha anasimama nyuma ya kijana wa futiboli ya Kimarekani anayechuchumaa na kilo 180 mabegani, mikono tayari kumdaka. Kasi hupimwa kwa mbio za yadi 40. Miezi mizima hutumika kupunguza sehemu ya kumi ya sekunde, basi! Mwaka 1969, Chuo Kikuu cha Nebraska kilipoajiri mtu wa kazi hii, kocha mkuu wa timu alimwonya: mchezaji yeyote akipungua kasi, kibarua kitaota nyasi. Hakikuota. Jumamosi uwanja ukifurika, kocha wa nguvu yuko pembeni, macho kwenye magoti ya vijana.