Uaminifu na Kugeuka katika Hadithi ya Girl Genius

Katika hadithi za picha zilizopata sifa huko Marekani iko moja iitwayo Girl Genius, kazi ya Phil na Kaja Foglio, mume na mke. Ilianza kuchapwa mwaka 2001, ikahamia katika intaneti mwaka 2005, ikapewa tuzo ya Hugo miaka mitatu mfululizo, 2009, 2010 na 2011. Wengi huisifu kwa mitambo yake ya ajabu na vichekesho vyake. Mimi napenda kuipima kwa jambo jingine, nalo ni uaminifu.

Hadithi yenyewe ni ya Ulaya ambayo haikupata kuwapo. Humo watu wachache huzaliwa na kipawa kiitwacho Cheche. Mwenye nacho aweza kuunda mtambo wo wote, lakini mara nyingi akili humruka. Mtawala mkuu ni Baron Klaus Wulfenbach, akaaye katika merikebu kubwa ya angani. Agatha, msichana aliyefichwa tangu utoto, aonekana kuwa mrithi wa ukoo wa Heterodyne, na hapo kila mtu hana budi kuchagua upande.

Gilgamesh, mwana wa Baron, ampenda Agatha, naye baba yake amdhania kuwa adui. Tarvek, mwana wa mfalme, ana hila nyingi hata msomaji hajui yu upande gani. Wasomaji wa Biblia watamkumbuka Hushai, aliyekaa katika baraza la Absalomu huku moyo wake u kwa Daudi. Lakini Hushai alijua tangu mwanzo ni mtu wa nani. Tarvek hajui, kwa kuwa alilelewa katika njama za jamaa zake wenye kutaka kiti cha enzi. Hata hivyo, alipokuwa mahututi, Gilgamesh mshindani wake alikubali pamoja na Agatha kuunganisha uhai wao na wake ili apone. Sehemu hiyo ni nzuri sana, maana yaonyesha kwamba moyo wa mtu hujulikana kwa gharama anayokubali kulipa.

Tena watungaji wametenga vizuri utii na uaminifu. Wako nyigu wa utumwa, ambao mtu akiingiwa nao hawezi kuiasi sauti ya Lucrezia, mama yake Agatha. Baron mwenyewe apatwa na msiba huo. Atii kwa kinywa, walakini katika kila amri atafuta mwanya wa kupinga. Na yuko Othar Tryggvassen, ajiitaye shujaa, aliyekata shauri kuwaua wote wenye Cheche, na mwisho ajiue mwenyewe. Hageuki kamwe, na msimamo wake ni hatari kuliko hila za Tarvek.

Basi, ikiwa watungaji waelewa haya yote, kwa nini wawaachia Jäger? Hao ni askari wenye meno makali na mapenzi makubwa ya kofia, walioapa kuutumikia ukoo wa Heterodyne. Ukoo ulipotoweka walipata hifadhi kwa Baron, lakini wachache wao walikubali kuishi kama watoro wakimtafuta mrithi. Twacheka nao, twawapenda, na subira yao yatugusa. Walakini Waheterodyne wa kale walikuwa wanyang'anyi wakatili, na Jäger ndio waliokuwa mikono yao. Wanavijiji wenye kukumbuka hayo huonyeshwa kama watu wa kuchekwa. Nani atawalilia walioteswa? Hapo kichekesho kimefunika deni.

Tena jibu limo humo humo katika hadithi. Bill na Barry, baba na amu yake Agatha, waliiacha njia ya wazee wao wakawa watetezi wa watu. Hao ndio waliogeuka kuliko wote, na kugeuka kwao ndiko kulikowapa sifa njema.

Kwa hiyo nasema kitabu hiki chafaa kusomwa, ila kwa macho mawili. Mtu akisifiwa kuwa mwaminifu, tusitosheke na kuuliza ameshika kiapo chake miaka mingapi. Tuulize pia kiapo hicho kilimtuma kutenda nini, na kwa nani.